Somo: Kuijua Afya ya Injini Kabla ya Kununua Gari la Michezo Lililotumika

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo humhusu hasa mnunuzi wa gari la michezo lililotumika. Rangi inang'aa, magurudumu ni mapana, sauti ya bomba la moshi inavutia. Na kwa mnunuzi gari hilo ni jipya, hata kama limekwisha kutumikia wamiliki watatu. Kidonda, kama kipo, kimefunikwa na boneti.

Katika somo hili tunaeleza namna mlaji wa kawaida, asiye fundi, anavyoweza kutambua dalili za ubovu wa injini katika safari ya majaribio. Tumewalenga wasomaji wa Korogwe na Handeni, kwa kuwa mazingira yao yanawapa nafasi nzuri ya kulijaribu gari: joto la bonde la Mto Pangani, barabara kuu iliyonyooka, na mpando mkali wa Usambara ulio karibu. Hata hivyo, kanuni zake zinafaa popote.

Mfano wa kuanzia

Tuseme mkazi wa Manundu ameweka akiba kwa miaka minne kutokana na machungwa na mahindi, akajazia kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Dalali anampeleka kuona gari saa nne asubuhi. Analikuta limeoshwa, injini ikiunguruma, redio ikiimba. Anazungushwa mitaa miwili, anaambiwa kuna mteja mwingine anakuja mchana, analipa.

Wiki ya pili anawapeleka jamaa zake harusini Lushoto. Kabla ya kufika Soni mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka chini ya boneti, gari linazimika. Fundi anamwambia kuwa gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Gari halina nguvu ya kutembea, na rejesho la mkopo liko palepale.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila kipengele chake hutokea. Tutaurejea mwishoni ili tuone ni katika hatua zipi mnunuzi huyo angeweza kujiokoa.

Kwa nini gari la michezo lihitaji uangalifu zaidi

Magari ya namna hii yanayopatikana nchini mwetu kwa wingi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Miongoni mwa yanayopendwa ni Toyota Altezza na Subaru Impreza zenye turbo. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2005. Maana yake ni kwamba hata ile iliyotoka kiwandani mwisho si gari changa tena. Umri peke yake si kosa, lakini mipira, sili na gasketi huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Zaidi ya umri, kuna mambo matatu. Kwanza, gari la michezo hununuliwa ili liendeshwe kwa kasi, hivyo yawezekana injini yake imeteswa zaidi kuliko ya gari la familia la umri uleule. Pili, magari haya huchezewa: bomba la moshi hubadilishwa, turbo huongezewa msukumo, na wakati mwingine injini nzima hutolewa na kuwekwa nyingine. Tatu, bomba lenye kelele humeza sauti nyingine zote. Mgongo wa injini unaogonga husikika vizuri kwenye gari tulivu. Kwenye gari linalonguruma hupotea.

Kwa hiyo kanuni yetu ya msingi ni hii: injini husema kweli katika nyakati tatu, yaani ikiwa baridi kabisa, ikiwa inabeba mzigo mlimani, na ikiwashwa tena baada ya kupata moto. Mnunuzi akiiona katika nyakati hizo zote tatu, si rahisi kudanganywa. Akiionyeshwa ikiwa vuguvugu na kwenye barabara tambarare tu, ameonyeshwa kile ambacho muuzaji alitaka akione.

Hatua ya kwanza: ikute injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja asubuhi na kwamba asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti, kisha uguse mpira wa juu wa rejeta. Ukikuta joto, gari limewashwa. Muulize sababu kwa adabu, na kama hakuna sababu ya maana, panga siku nyingine. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa sababu maji yaliyo ndani yamebanwa na yanaweza kuruka na kukuunguza.

Injini ikiwa baridi, fungua boneti na ukague yafuatayo:

1. Oili. Chomoa kipimo, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Oili iliyo nyeusi inaonyesha tu kwamba imetumika. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kuwa maji yameingia, na hiyo ni dalili kubwa ya gasketi iliyoungua. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ama injini inakula oili, ama mwenye gari hakuijali. Yote mawili ni habari mbaya.

2. Maji ya rejeta. Kulanti huwa na rangi safi, mara nyingi ya kijani, nyekundu au buluu. Maji yenye kutu huonyesha kuwa gari limekuwa likijazwa maji ya bomba. Utando wa mafuta ukielea juu, usiendelee.

3. Uvujaji. Chungulia chini ya gari mahali lilipolala. Injini iliyooshwa ikang'aa kupita kiasi nayo ina maswali yake, kwa kuwa maji na sabuni huondoa alama za oili iliyovuja. Ichunguze tena baada ya safari. Katika Subaru, ambazo silinda zake zimelala ubavuni, chungulia hasa pande mbili za chini za injini.

4. Namba ya injini. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, injini imebadilishwa bila kumbukumbu kurekebishwa, na utakuwa na mzigo wa kuieleza Mamlaka ya Mapato Tanzania utakapotaka kuhamisha umiliki.

Hatua ya pili: tazama taa, sikiliza mwasho

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini na taa ya oili zinapaswa kuwaka kwenye dashibodi, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Wanunuzi wengi huogopa taa inayowaka tu. Sisi tunakuonya pia juu ya taa isiyowaka kabisa. Taa ya injini isipojitokeza ufunguo unapozungushwa, huenda imeng'olewa au kuzibwa ili isitoe siri.

Sasa mwombe muuzaji aliwashe gari, redio ikiwa imezimwa, nawe usimame nyuma. Tazama moshi:

Mvuke mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni unyevu wa asubuhi. Moshi mweupe mzito usiokoma, hasa wenye harufu ya utamutamu, ni kulanti inayoungua ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi tatizo lake ni jepesi kuliko la hizo rangi mbili.

Kisha nenda mbele usikilize. Kelele ya chuma inayogonga kwa sekunde moja au mbili kisha ikatulia, maana yake oili imechukua muda kupanda, iandike, uendelee. Mgongo unaoongezeka kadiri mizunguko ya injini inavyoongezeka, usiopungua hata injini ikipata moto, ni dalili ya besi za konrodi zilizokwisha. Injini ya namna hiyo huishia kufunguliwa yote. Baadhi ya injini za Subaru hugonga kidogo zikiwa baridi kisha zikatulia zikipata joto. Kwa hiyo jiulize: je, sauti hii inapungua kwa joto au inazidi? Inayozidi ndiyo ya kuogopwa.

Injini ikishapata joto inapaswa kutulia bila kutikisika. Ikitetemeka na kukatakata, inamisi. Huenda ni plagi au koili, vitu ambavyo hubadilishwa; lakini pia huenda silinda moja haina mgandamizo. Usikubali neno "ni plagi tu" mpaka plagi hizo zimebadilishwa nawe umeona misi imekwisha.

Hatua ya tatu: barabara tambarare

Kabla ya kuondoka hakikisha gari lina bima, dereva ana leseni halali, na mmekubaliana nani analipia mafuta. Nenda na mtu unayemwamini. Usitoe malipo ya awali ili uruhusiwe kulijaribu gari.

Toka Korogwe kwa utulivu. Kwa dakika kumi za kwanza usiisukume injini, kwani injini baridi haipaswi kuzungushwa kwa nguvu. Muuzaji anayeikanyaga mafuta hadi mwisho ingali baridi ili kukufurahisha, amekuonyesha jinsi alivyokuwa akiitumia siku zote.

Angalia mshale wa joto. Unapaswa kupanda taratibu, ufike karibu na katikati, ubaki hapo. Mshale unaochelewa sana kupanda, au unaoshuka kila gari linapopata upepo wa barabara kuu, unaashiria kuwa thamostati imeng'olewa. Hiyo ni njia ya mkato inayotumika kulisaidia gari linalochemsha lisichemshe upesi. Dalili imefichwa, ugonjwa umebaki. Katika hali ya hewa ya Korogwe, mshale ulio chini mno haupaswi kukupa faraja.

Usijaribu gari kwa mwendo wa hatari. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na barabara yetu ina mabasi, malori, bodaboda na watoto wa shule. Ubora wa injini haupimwi kwa mwendo mkubwa. Unapimwa kwa mzigo, na mzigo unapatikana mlimani.

Hatua ya nne: mpando na mteremko

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40, na kutoka hapo barabara ya Lushoto inapanda kwa kona nyingi kuelekea Soni. Muuzaji akikubali, hakuna kipimo bora kuliko hicho. Asipokubali umbali huo, tafuteni mlima wowote mrefu ulio karibu. Akikataa mlima wowote ule, umepata jibu.

Katika kupanda, tumia gia ya pili au ya tatu na ukanyage mafuta kwa kiasi cha kutosha injini ifanye kazi. Zingatia mambo manne. Mshale wa joto usipite mahali ulipokuwa kwenye tambarare. Injini isimisi, misi nyingi hujificha kwenye tambarare na kujitokeza kwenye mzigo. Kusiwe na mlio wa kokoto zinazogongana ndani ya injini. Na kwenye gari lenye turbo, nguvu iongezeke kwa ulaini, pasiwe na mlio mkali kama wa king'ora.

Msaidizi wako atazame nyuma. Moshi wa buluu wakati wa kupanda kwa nguvu mara nyingi hutokana na ringi za pistoni zilizochoka.

Mteremko nao una somo lake. Wakati wa kurudi, acha gari kwenye gia, ondoa mguu kwenye mafuta, na uiache injini ilizuie gari. Kamwe usiteremke kwa nyutro. Baada ya mteremko mrefu, ukifika mahali salama, kanyaga mafuta tena huku msaidizi akitazama. Wakati wa kuteremka injini hufyonza kwa nguvu, na kama sili za valvu zimechakaa, oili hupenya na kukusanyika. Ukikanyaga mafuta, bumbu la moshi wa buluu hutoka mara moja kisha likaisha. Ubovu huu ni mdogo kuliko wa ringi, lakini ni gharama ambayo haina budi kupunguzwa kwenye bei.

Hatua ya tano: acha injini ya moto isimame

Mkishatoka mlimani, egesha gari, washa kiyoyozi, uiache injini iungurume kwa dakika kumi. Feni ya rejeta inapaswa kujiwasha na mshale ubaki mahali pake. Gari linalochemsha likiwa limesimama lina tatizo la feni au rejeta. Linalochemsha likipanda laweza kuwa na rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyoungua. Tazama tenki dogo la akiba: mapovu yanayotoka mfululizo huonyesha kuwa hewa ya mlipuko wa silinda inapenya kwenye njia ya maji. Taa ya oili ikipepesa injini ikiwa ya moto na imetulia, shinikizo la oili limeshuka. Zima injini na usinunue.

Mwisho, zima gari, subiri dakika kumi, uliwashe tena. Gari zima huwaka mara moja. Kisha chungulia upya chini na kwenye injini ile iliyokuwa imeoshwa.

Baada ya safari

Dalili ulizoziona mpelekee fundi wako mwenyewe; usitumie fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali. Mwombe afanye mambo matatu. Asome kumbukumbu za kompyuta ya gari na kukuambia kama zimefutwa karibuni, kwani taa iliyozimwa kwa kufuta kumbukumbu huweza kurudi baada ya siku chache. Apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, injini inadai matengenezo makubwa. Na athibitishe taimingi belti ilibadilishwa lini. Injini za Altezza na zile za Subaru za miaka hiyo hutumia mkanda huo, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kwa kuwa namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, mkanda usio na kumbukumbu uhesabu kuwa haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinaweza kugongwa na pistoni, na injini ikaharibika kwa dakika moja.

Gharama ya fundi kwa nusu siku ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya injini.

Sheria inakulinda kwa kiasi gani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga zaidi anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko anaponunua kwa mtu binafsi. Na hata kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyekagua bidhaa kwa kawaida hawezi kudai kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzibaini. Kwa hiyo kukagua kijuujuu ni hatari. Ukikagua, kagua kweli.

Muuzaji akikuambia kwamba injini haijawahi kufunguliwa au kwamba gari halichemshi, mwombe ayaandike maneno hayo kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na namba ya injini na ya chesisi, tarehe na saini za mashahidi. Mwenye neno la kweli hasiti kuliandika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini lalamiko lisilo na maandishi ni gumu kulithibitisha.

Turudi kwenye mfano wetu

Mnunuzi wa Manundu alikuwa na nafasi tano. Angegusa boneti, angejua injini ilikuwa imewashwa kabla hajafika. Angezima redio, angesikia. Angetoka mjini, angeuona mshale wa joto ukishuka kwenye upepo na kuitilia shaka thamostati. Angepanda mlima, gari lingechemka mikononi mwa muuzaji badala ya mikononi mwake. Angemwita fundi wake, angeambiwa habari ya gasketi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mteja yule mwingine aliyesemekana kuja mchana, kama kweli alikuwapo, angeachiwa gari hilo bila majuto.

Tunamshauri kila mnunuzi aamue bei na masharti yake akiwa nyumbani, kabla hajaliona gari, na awe tayari kurudi bila gari. Kurudi mikono mitupu baada ya ukaguzi mzuri si hasara. Fedha zako bado unazo, na magari hayajakwisha sokoni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mshale wa joto ulio chini mno kwenye barabara kuu unaweza kuwa dalili mbaya?

2. Taa ya injini isipowaka kabisa ufunguo unapozungushwa, unapaswa kushuku nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya moshi wa buluu unaotoka wakati wa kupanda na ule unaotoka mara moja baada ya kuteremka?

4. Taja nyakati tatu ambazo injini husema kweli, na ueleze utakavyozipata zote katika asubuhi moja.